Kifundo cha Mkono wa Ayuma

Jumamosi, 18 Oktoba 1997
Shajara hii nilipewa kiwandani mwezi wa kwanza nikaiweka juu ya kabati, haikuandikwa neno hata moja. Leo mvua imetufungia ndani. Ayuma anashona, binti yetu Mourine anachora nyumba zenye moshi, na mimi sina la kufanya hapa mtaa wa Tena ila kuandika. Mimi ni Luseno. Natengeneza beseni za plastiki kiwandani Baba Dogo, hapa Nairobi, na mke wangu ni fundi wa nguo. Redio inasema mvua hii inaitwa Elnino na bado iko njiani. Ayuma amesema hilo ni jina la mchezaji wa mpira.

Jumatatu, 20 Oktoba
Sikukuu. Mvua. Nimelala.

Alhamisi, 23 Oktoba
Ayuma ameanguka.

Maji ya mtaro yaliingia ndani mchana nikiwa kazini. Alitaka kuiinua cherehani aiweke juu ya meza, mguu ukateleza kwenye saruji. Mtu mwingine angeiachilia. Yeye aliikumbatia kwa mkono wa kushoto na kujikinga kwa wa kulia, uzito wote ukashukia kiganja. Nilipofika nilimkuta kitandani, mkono juu ya mto, Mbithe wa mlango wa pili akimshika bega. Mkono ulikuwa umepinda juu kidogo ya kifundo, kama uma wa kulia chakula.

Ayuma aliniangalia akauliza, "Mashine haijaumia?"

Nikamwambia haijapata hata mkwaruzo. Ndipo akaanza kulia.

Ijumaa, 24 Oktoba
Kliniki moja hapa karibu wameuvuta mkono, wakaufunga plasta ngumu. Arudi baada ya wiki sita.

Jumapili, 26 Oktoba
Nimepika ugali. Mourine ameuliza kama ni uji.

Jumanne, 28 Oktoba
Nimemsuka Mourine nywele kabla ya shule. Mwalimu amemwuliza nani amempiga.

Alhamisi, 30 Oktoba
Usiku kucha Ayuma hakulala. Vidole vilivimba vikawa kama ndizi za kisukari, na viwili akasema havisikii kitu. Niliomba ruhusa kazini nikampeleka hospitali kubwa mjini. Wameipasua ile plasta, vidole vikaanza kurudi, kisha wakampiga eksirei upya.

Daktari wa mifupa anaitwa Nzivo. Ni mwembamba, hajafika arobaini, na anaongea na picha badala ya kuongea na watu. Ameitundika kwenye taa akasimama akiitazama mpaka nikadhani ametusahau.

"Mfupa umevunjika vipande vinne," akaiambia picha. "Na umevunjikia ndani ya kiungo. Hapa panatakiwa kuwa laini kama sahani. Sasa pana ngazi."

"Na plasta?" nikauliza.

"Plasta imeshika nje. Ndani vimeteleza."

Ayuma akauliza tukiacha hivyo itakuwaje. Daktari akasema mkono utapona lakini utakaza na kuuma. Kijiko atashika. Mkasi, hajui.

Nililichukia lile "hajui". Mtu aliyesoma miaka yote hiyo.

Akasema kuna njia ya kuupasua mkono mpaka aone vipande, ila kupasua kwenyewe huacha kovu linalokaza. Na kuna njia nyingine. Ana kamera nyembamba kama sindano ya kufumia sweta. Anatoboa vitundu vidogo nyuma ya kifundo, anaingiza kamera kwenye kimoja na kijindoano kwenye kingine, anaona ndani ya kiungo kwenye televisheni. Anainua vile vipande mpaka ngazi iishe, kisha anavishikisha kwa pini za waya zinazoingia kupitia ngozi.

"Umefanya hivyo mara ngapi?" nikauliza.

Hapo ndipo aliponigeukia. "Magoti, mengi. Vifundo vya mkono, nilimsaidia mwalimu wangu nilipokuwa masomoni. Hapa Nairobi, viwili."

"Vikaendaje?"

"Kimoja vizuri sana. Kimoja vizuri kiasi."

Ametupa mpaka Jumatatu tuamue. Mfupa ukianza kuungana vibaya, hata kamera haitasaidia. Tumerudi nyumbani nikijiuliza. Kiasi ni kiasi gani?

Ijumaa, 31 Oktoba
Walter wa kazini ameniambia, "Mzee, mathe wa nyumbani kwako asikubali kuwa wa kujaribiwa. Huyo dakta anajifunza na mikono ya watu." Nimefikiria maneno hayo siku nzima, hata nikaziunguza beseni kadhaa.

Jumamosi, 1 Novemba
Mama mkwe amefika kutoka Webuye na basi la usiku, amebeba kuku, ndizi, na jogoo mmoja ambaye Mourine tayari amekataza achinjwe. Tunamwita Mama Nabiswa, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Ni mwanamke mrefu, mkavu, na tangu nimwoe binti yake sijui kama tumeshasemezana sentensi tano.

Si uadui. Kwetu mkwe na mama mkwe wanaheshimiana kwa kukaa mbali. Siketi alipoketi, simtazami usoni, silali chini ya paa moja naye. Sasa nyumba yetu ni chumba na sebule. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria nitalala kiwandani, lakini Mbithe ametuokoa. Mume wake ni dereva wa lori, amekwama upande wa Mombasa tangu daraja lisombwe na maji. "Mama atalala kwangu," amesema Mbithe. "Mimi Mkamba, sina mashaka na mkwe wa mtu."

Kwa hiyo Mama Nabiswa anamhudumia binti yake mchana nikiwa kazini, na nikirudi anahamia kizingitini kwa Mbithe. Akitaka kuniambia jambo anamwambia Mbithe.

"Mbithe, mwambie mkwe wangu kitunguu hakikaangwi mpaka kiwe makaa."

Mimi niko hatua chache tu, nasikia kila kitu. "Mbithe, mwambie Mama nimesikia."

"Amesikia," anasema Mbithe, bila hata kuinua macho kwenye mchele anaochagua.

Nina wasiwasi. Kijijini kwao kuna mzee Opicho, mwunga mifupa anayesifika wilaya nzima. Naona Mama amekuja kumchukua Ayuma ampeleke huko.

Jumapili, 2 Novemba
Naandika haya ningali sijatulia.

Baada ya kanisa mvua ilipungua, tukakaa nje. Ayuma kwenye stuli mlangoni, mimi nyuma yake, Mama na Mbithe kule kwao. Nikaeleza habari ya kamera na pini, na kile kifundo kilichokwenda "vizuri kiasi". Nikaeleza pia maneno ya Walter. Mbithe akasema kuna mtu mtaa wa Kayole anayekanda mifupa kwa mafuta, na hachomi mtu sindano. Nikamngoja Mama amtaje Opicho. Nilikuwa nimeshapanga jibu la heshima.

Mama akausogeza mkono wa kulia kutoka ndani ya leso.

"Mbithe, mwambie mkwe wangu auangalie mkono huu."

"Anakuangalia, Mama," akasema Mbithe.

"Haangalii. Ameinamisha kichwa. Mwambie leo ainue."

Nikainua. Kifundo chake kilikuwa kimevimba kwa ndani kama fundo la mti, na kiganja kimelala upande, hakielekei mbele wala nyuma. Miaka yote hii ya kumpelekea chai kwa heshima, macho yangu chini, sikuwahi kuuona.

"Nilianguka na mtungi nikiwa na mimba ya huyu Ayuma," akasema. Sasa alikuwa anasema nami moja kwa moja, ingawa macho yake yalikuwa kwa kuku. "Mzee Opicho akanifunga vijiti. Opicho ana mikono mizuri. Ameunga miguu ya watu wakarudi kucheza mpira. Lakini pale ndani ya kiungo hakuwa na macho, na hata hospitali wakati ule hawakuwa nayo. Ukapona hivi. Sijawahi kuugeuza huu mkono kupokea kitu. Huyu nilimsuka nywele kwa mkono mmoja na meno, akaniambia mama wa wenzake wanasuka vizuri zaidi."

Ayuma akaziba mdomo. "Mama, nilikuwa mtoto."

"Ulikuwa mtoto, na ulisema kweli. Sikuumia." Akaurudisha mkono ndani ya leso. "Kama kuna mtu ana kitu cha kuona mle ndani, aangalie. Kiasi chake ni kikubwa kuliko hiki changu."

Mbithe alikuwa ameacha kuchagua mchele. Mimi nikasema, "Asante, Mama."

Jumatatu, 3 Novemba
Nimempigia daktari kutoka simu ya barabarani. Tumekubali. Upasuaji Jumatano.

Jumatano, 5 Novemba
Tulitoka alfajiri kwenye tope. Nilimwacha Ayuma kwenye mlango wa chumba cha upasuaji amevaa gauni la kijani lililofungwa nyuma. Akaniambia niende nikanywe chai, kana kwamba mimi ndiye mgonjwa. Sikwenda. Niliketi kwenye benchi nikiangalia mlango ule mpaka nikazijua alama zake zote za rangi. Katikati umeme ukazimika korido nzima. Nilisimama. Mlinzi akasema niketi, jenereta itawaka. Iliwaka. Lakini kati ya giza na mwanga niliomba maombi ambayo sijawahi kuyaomba kanisani.

Nayaandika haya kama Ayuma alivyonihadithia jioni, maana yeye hakulazwa usingizi. Walimdunga ganzi kwapani, mkono mzima ukafa, yeye akabaki macho.

Anasema walivivika vidole vyake vifuko vya wavu wa waya vinavyobana kadiri vinavyovutwa, wakauning'iniza mkono wima, na uzito ukauvuta kwa chini ili kiungo kifunguke. "Nilikuwa nautazama mkono wangu umening'inia kama nyama buchani," anasema, "lakini sikuhisi kitu." Daktari Nzivo akatoboa tundu dogo, akaingiza kamera, wakapitisha maji ya chumvi kuosha damu. Televisheni ilikuwa imewaelekea wao. Ayuma akauliza kama naye anaweza kuona.

Anasema daktari alisita kama anayejiuliza kama inaruhusiwa. Kisha akamwambia muuguzi aigeuze.

"Luseno, ni peupe mle," Ayuma aliniambia. "Peupe kama ndani ya nazi iliyovunjwa. Mwanzoni ulikuwa ukungu mwekundu tu, maji yakauosha, pakatakata. Halafu nikaiona ile ngazi. Kipande kimezama, kingine kimeinama, katikati ufa. Akaleta kijindoano, akaingiza chini ya kile kilichozama, akakiinua polepole. Kikapanda. Muuguzi akapitisha waya, na daktari akasema subiri, bado, akakirudisha kidogo, ndipo akasema sasa. Ni kama unavyopiga pini kwenye mkunjo kabla ya kushona. Ukiharakisha pini ya kwanza, gauni zima linakwenda upande."

Wakati wa kipande cha tatu ndipo umeme ulipokatika. Televisheni ikawa nyeusi. Anasema hakuna aliyesogea. Akasikia maji yakidondoka sakafuni, na moyo wake mwenyewe. Kisha daktari akasema gizani, kwa sauti ileile ya kuongea na picha:

"Mama Mourine, usiogope. Mkono wako ninao mimi."

Akaanza kumwuliza habari za kazi yake. Anashona nini zaidi? Sare za shule. Kola au mfuko, kipi kigumu? Kola. Mama yake daktari alikuwa akimshonea kaptula nyumbani kwao Machakos, mfuko mmoja siku zote mkubwa kuliko mwingine. Ayuma akacheka, na muuguzi akamwambia asicheke, mkono utatikisika. Picha iliporudi kile kijindoano kilikuwa palepale, chini ya kipande, hakijateleza.

Kabla ya kumaliza aliipitisha kamera kila upande. Akaona kano moja, inayounganisha vifupa viwili vidogo, imechanika nusu. Eksirei haikuwa imeionyesha. Akaongeza pini kuvishikisha vifupa hivyo mpaka kano ipone.

Daktari alipotoka alikuja kuketi kando yangu kwenye benchi. Nilidhani ana habari mbaya. Akavua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Ngazi imekwisha," akasema. "Kano nayo tumeipata. Sasa ni yeye na mazoezi."

Nilimshika mkono. Nikamnunulia soda kwenye kioski, akanywa yote.

Alhamisi, 6 Novemba
Amerudi nyumbani. Ncha za pini zinachomoza kwenye ngozi, zimefunikwa bandeji. Mourine amesema mama yake ni redio na hizo ni eriali.

Jumapili, 9 Novemba
Mvua. Akina mama wa kanisa wamekuja na sufuria saba za chakula.

Ijumaa, 14 Novemba
Maji yameingia tena. Cherehani ilikuwa juu ya meza. Ayuma pia nimempandisha kitandani na nikamkataza kushuka.

Ijumaa, 21 Novemba
Tangu juzi Ayuma anasema bandeji inawasha. Leo nimeona kwamba haiwashi tu. Kando ya pini moja pamekuwa pekundu na usaha unatoka. Mwili wake ulikuwa moto. Nyumba yote ina unyevu, nguo hazikauki, na nilijua kosa ni hili tope la Tena lisiloisha.

Mama Nabiswa alivuka kutoka kwa Mbithe akaingia sebuleni nikiwa nimo. Hajawahi. Akaushika mkono wa binti yake, akaunusa, akaniambia mimi, bila Mbithe, "Twende sasa."

Tulikwenda watatu. Daktari Nzivo alikuwa anatoka kwenda nyumbani, amevaa koti la mvua, akalivua. Pini hiyo akaitoa palepale. Akasema ilishika kipande kilichokwisha kuanza kuungana, pini nyingine zitakitunza. Dawa, na kusafisha kila siku kwa maji yaliyochemshwa na chumvi.

Kurudi nyumbani kwa matatu Mama aliketi kiti cha mbele yangu. Hakugeuka. Lakini tulikuwa tumekwenda pamoja.

Jumapili, 23 Novemba
Homa imeshuka. Mama ndiye anayechemsha maji na kusafisha. Mimi nashika taa.

Jumapili, 30 Novemba
Pekundu pameisha.

Jumatano, 17 Desemba
Pini zimetoka zote. Ayuma alifumba macho, nami nikafumba, na Mama peke yake ndiye aliyetazama.

Mkono ni mwembamba, ngozi inabanduka, na haujikunji. Nilikuwa nimetarajia nini, sijui. Nadhani nilitarajia mkono ule wa zamani.

Daktari alipomaliza akamwuliza Mama kama na yeye ana tatizo, maana alimwona siku ile anafungua mlango kwa mkono wa kushoto. Mama akasita, akautoa. Daktari akaushika kwa mikono miwili, akaugeuza taratibu mpaka unapofikia, akauliza ni nani aliyeuunga.

"Mzee mmoja nyumbani."

"Alifanya kazi nzuri kwa alichokuwa nacho," akasema daktari. "Mimi sasa sitaweza kuurudisha. Lakini ninaweza kukupa kitu cha kupunguza maumivu." Akamwandikia mshipi wa ngozi wa kufunga kifundo wakati wa kazi.

Mtu huyu nilisema haongei na watu.

Alhamisi, 25 Desemba
Jogoo wa Mourine ameponea Krismasi. Watu wanaogopa nyama kwa sababu ya homa ya mifugo inayotajwa redioni, tumekula maharagwe kwa nazi.

Jumatatu, 29 Desemba
Tumepiga kura. Foleni ndani ya mvua tangu asubuhi.

Jumapili, 4 Januari 1998
Nimenunua daftari, shajara ya mwaka jana imefika mwisho.

Mama Nabiswa ameondoka leo. Barabara imefunguka, na mume wa Mbithe amerudi. Nilimbebea mzigo hadi stendi ya mabasi ya mjini, ile inayoitwa Machakos. Alipanda, akakaa dirishani, mshipi wa ngozi mkononi. Mimi nikasimama kwa adabu, nikiangalia gurudumu.

"Luseno," akaita.

Hajawahi kuniita jina. Nikainua macho.

"Nilipompa baba yako ruhusa umwoe Ayuma, nilimwambia huyo kijana ni mpole sana, maisha yatamshinda. Nimekaa hapa nimekuona." Basi likaanza kuunguruma. "Punguza moto kwenye kitunguu."

Nimetabasamu njia nzima mpaka nyumbani.

Jumamosi, 10 Januari
Ayuma alijaribu kukata kitambaa leo. Mkasi ulimwanguka mara mbili. Mara ya tatu aliweka kila kitu chini, akasema, "Afadhali ningeiachilia ile mashine." Nilichota maji ya moto kwenye beseni, nikauweka mkono wake ndani, tukafanya yale mazoezi pamoja, kukunja, kunyoosha, kugeuza. Alilia wakati wote na hakuacha.

Jumatano, 14 Januari
Daktari amepima. Kukunja, nusu. Kunyoosha, zaidi ya nusu. Kugeuza kiganja juu, karibu chote. Akasema mwishowe mkono utakuwa mzuri, lakini si kama wa kushoto. Ayuma akasema amemshukuru kwa kutomdanganya.

Jumatatu, 19 Januari
Amekata kola moja.

Alhamisi, 22 Januari
Kola nne. Ya nne ameifumua. Anasema kola ya fundi haifai kuwa nzuri kiasi.

Jumanne, 27 Januari
Mvua haikunyesha. Tumeanika magodoro.

Jumapili, 1 Februari
Kanisani leo walikuwa na wimbo ule wa kupiga makofi kwa haraka. Tangu Oktoba Ayuma amekuwa akiimba tu, mkono wa kulia mapajani. Ili kupiga kofi lazima kiganja kinyooke, na pigo lote hugonga palepale kwenye kifundo.

Katika ubeti wa pili niliona ameinua mikono. Akagusisha viganja, taratibu, kama anayepima kama chuma bado ni moto. Akangoja. Akagusisha tena. Mourine alikuwa anamtazama, na kiti cha nyuma Mbithe naye aliacha kupiga makofi. Kisha Ayuma akafumba macho akapiga, kwa nguvu ya kawaida ya mtu yeyote, akapiga tena, akaendelea.

Kanisa zima lilikuwa linapiga makofi na hakuna ambaye angeweza kulitenga kofi la mtu mmoja. Mimi niliacha kuimba ili nilisikie lake.